FAST haina majimaji lakini chembe cha moyo kinauma: picha gani inafuata?

tabibu_wa_zamu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mnaosoma picha za majeruhi kila siku.

Majeruhi amegongwa tumboni: usukani, mpini wa baiskeli, teke, au ameanguka kutoka juu. Anafika presha ikiwa nzuri, mapigo yamepanda kidogo, analalamika chembe cha moyo na chini ya mbavu za kushoto. FAST (ultrasaundi ya haraka ya kutafuta majimaji huru) inafanyika, madirisha yote manne hayana majimaji. Hapo ndipo timu inapogawanyika. Wengine wanasema ultrasaundi ni safi, apewe dawa ya maumivu na kulazwa aangaliwe. Wengine wanataka CT (picha ya mionzi ya vipande vya mwili) hapo hapo.

Hofu kubwa ni mfuko wa chakula na utumbo, maana ini na bandama vikivuja damu angalau vinajitangaza mapema. Je, ultrasaundi inaweza kweli kuona mfuko wa chakula uliopasuka? Eksirei ya kusimama bado ina kazi mahali penye CT? Na CT ikifanyika, majeruhi anywe kontrasti (dawa inayong'aa kwenye picha) au asinywe, na tutafute nini hasa kwenye picha? Naomba hatua na vipimo, siyo majibu ya jumla.

---

mawimbi_na_mionzi

Dokta, nianze na fomu ya maombi, maana hapo ndipo mambo huharibika kabla mashine haijawashwa. Ukiandika "ameumia tumbo, apigwe picha", msomaji hajui kama unasema tumbo lote au mfuko wa chakula. Neno letu ni moja kwa vyote viwili. Andika amegongwa sehemu gani, kwa kitu gani, saa ngapi, alikula lini mara ya mwisho, na unahofia nini. Saa ya mlo ina uzito wake. Mfuko uliojaa ukibanwa ghafla, shinikizo la ndani halina pa kutokea, ukuta unaachia. Mfuko mtupu unanywea na kujificha nyuma ya mbavu. Ndiyo sababu mpasuko wa mfuko wa chakula kwa jeraha butu ni nadra, chini ya asilimia 2 ya majeraha butu ya tumbo. Majeraha mengi ya mfuko huu hutokana na kisu au risasi. Lakini unapopasuka kwa kugongwa, mara nyingi ni ukuta wa mbele, na nguvu iliyoupasua huwa imegusa pia bandama, mbavu za kushoto au kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo.

Sasa FAST. Kipimo hiki kinajibu swali moja tu: kuna majimaji huru tumboni au kwenye mfuko wa moyo? Hakikuundwa kuonyesha kiungo kilichoumia. Mkono mzoefu huanza kuona majimaji yakifika takribani mililita 200. Wapimaji wengi huyaona yakishapita 400. Mfuko wa chakula uliotoboka unaweza kuwa umemwaga mililita 50 za asidi na mabaki ya chakula, mgonjwa anaungua ndani, na FAST ikawa safi kabisa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. FAST isiyo na majimaji haimwondolei mtu jeraha la mfuko wa chakula, la utumbo, la kongosho, la kiwambo, wala damu iliyo nyuma ya utando wa tumbo.

Na kabla hujaiamini hiyo "safi", hakikisha imefanywa sawasawa. Tumia probu iliyopinda ya megahezi 2 hadi 5, kina kama sentimita 15 kwa mtu mzima. Upande wa kulia, probu ikae kwenye mstari wa katikati ya kwapa, kati ya mbavu ya 8 na ya 11, alama ikielekea kichwani. Kosa la kila siku ni kusimama kwenye mpaka wa ini na figo, kuona mstari mweupe, na kuandika "hakuna". Telezesha chini mpaka uione ncha ya ini; majimaji machache huanzia pale. Upande wa kushoto rudisha mkono nyuma mpaka vifundo vya vidole viguse godoro, kisha panda mbavu moja au mbili juu kuliko ulivyofanya kulia. Huku majimaji hukaa kwanza kati ya bandama na kiwambo, kabla hayajashuka kwenye figo. Ukiangalia figo peke yake umekosa.

Kibofu kipimwe kabla ya kuweka mpira wa mkojo. Kibofu kilichojaa ndicho dirisha lako. Ukishakimwaga, matumbo yanashuka na hewa yake, huoni kitu. Punguza geini (mwangaza wa picha) pale, kwa sababu mkojo hupitisha mawimbi vizuri mno na kung'arisha kila kilicho nyuma yake, hadi majimaji machache yanamezwa na mwanga huo na kupotea. Pitisha probu kwa urefu na kwa upana, kote kuwili.

Kuna kitu kimoja cha kushoto kinachohusu swali lako moja kwa moja. Mfuko wa chakula uliojaa maji unaonekana mweusi karibu na bandama, na wengi wameuita damu. Utazame vizuri: una ukuta wenye tabaka, ndani yake kuna chembe zinazozunguka, na kingo zake ni za mviringo. Majimaji huru hayana ukuta. Yanajaza pembe na kuishia kwa ncha kali, kama maji yaliyoingia kwenye mkunjo wa shuka. Kinyume chake pia hutokea, damu iliyoganda huwa ya kijivu inayofanana na ini, na jicho la haraka hupita juu yake.

Rudia FAST hali ikibadilika, na hata isipobadilika irudie ndani ya saa chache. Damu ya dakika ya 10 haiwi nyingi kama ya saa ya 3.

---

kisu_na_uzi

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri. Mimi naongeza lini usipoteze muda na picha, maana hili linaua.

Presha iko chini, haipandi kwa damu na dripu, na FAST ina majimaji: huyo anaenda chumba cha upasuaji. Usimpeleke CT. Mle ndani huwezi kumbana anapovuja, na dakika 20 za kumhamisha kutoka kitanda hadi meza ya mashine ndizo anazohitaji kwa kisu. Vivyo hivyo tumbo gumu kama ubao kila mahali, utumbo uliotokeza nje, au risasi iliyopita wazi ndani ya tumbo. Picha hapo haibadilishi uamuzi, inauchelewesha tu.

Presha chini na FAST haina majimaji: damu iko mahali pengine. Tafuta kifuani, kwenye nyonga, kwenye mapaja, nje sakafuni, na nyuma ya utando wa tumbo. Piga eksirei ya kifua na ya nyonga palepale kitandani, rudia FAST. Kama bado hujui, kuosha tumbo kwa sindano na mpira ni njia ya zamani lakini bado inafanya kazi. Mililita 10 za damu zikitoka unapovuta tu, jibu limepatikana. Zisipotoka, ingiza lita 1 ya maji ya chumvi ya vuguvugu, yarudishe na kuyapima: chembe nyekundu zaidi ya 100,000 kwa milimita moja ya ujazo, chembe nyeupe zaidi ya 500, nyongo, au nyuzi za chakula. Hizo nyuzi za chakula ndizo zinazosema mfuko au utumbo umetoboka, jambo ambalo ultrasaundi haiwezi kukuambia. Ila ujue kwamba ukishaosha, CT ya baadaye itakuwa na hewa na maji uliyoweka wewe mwenyewe. Liandike kwenye fomu.

Mpira wa puani hadi tumboni: damu ikitoka, hasa kwa jeraha la kisu chini ya titi la kushoto au kwenye chembe cha moyo, fikiria mfuko wa chakula mpaka uthibitishe vingine. Isipotoka, haijathibitisha lolote. Na kama uso umevunjika au kuna dalili za mvunjiko wa kitako cha fuvu, pitisha mdomoni, siyo puani.

Kwa kisu na risasi, bandika alama ya chuma juu ya kila kidonda kabla ya eksirei au CT, hata klipu ya karatasi inatosha. Kidonda cha mbele kiwe na umbo moja la klipu na cha nyuma jingine. Halafu hesabu: matundu ya kwenye ngozi ukijumlisha na risasi zinazoonekana kwenye picha, jumla iwe namba shufwa. Ikiwa witiri, kuna tundu hujaliona au risasi imebaki mahali hujapiga picha. Hesabu hiyo hiyo inatumika kwenye mfuko wa chakula. Ukiona tundu la ukuta wa mbele, la nyuma lipo mpaka ufungue nafasi iliyo nyuma ya mfuko na kuangalia kwa macho.

---

pwani_ya_tiba

Kwa swali la kontrasti: mimi naona kila majeruhi wa tumbo anayeingia CT anywe lita 1 ya kontrasti kwanza. Bila hivyo ukuta wa mfuko wa chakula hauonekani na tundu linakosekana.

---

meza_ya_CT

Ndugu pwani_ya_tiba, huo ulikuwa utaratibu wa kawaida enzi za mashine za polepole. Leo, kwa jeraha butu, kunywesha kila mtu hakufai, kwa sababu zinazoonekana mezani. Unasubiri hadi saa moja dawa ishuke. Mgonjwa amelala chali, shingo imefungwa kola, tumbo linauma, unamjaza lita moja: akitapika, inaingia mapafuni. Tena kontrasti nyeupe iliyojaa ndani ya mfuko inaficha damu inayomwagika humo humo ndani. Na tundu mara nyingi halivujishi kontrasti hata ikiwepo, kwa sababu limezibwa na mafuta ya tumbo au na damu iliyoganda. Mashine za sasa zenye vipande vyembamba zinaonyesha ukuta vizuri kwa kontrasti ya mshipani peke yake.

Kontrasti ya kunywa au ya kupitia mpira ninaiweka kwa hali mbili. Ya kwanza ni kisu au risasi ya ubavuni au mgongoni kwa mgonjwa aliyetulia, ambapo pia inaweza kuingizwa ya njia ya haja kubwa. Ya pili ni pale CT ya kwanza imeacha shaka na mgonjwa anarudiwa. Hapo iwe ile inayoyeyuka majini, imechanganywa hadi asilimia 2 au 3, mililita 250 hadi 500 kwa mpira dakika chache kabla ya picha, kisha ubane mpira. Bariamu kamwe. Ikivujia tumboni pamoja na uchafu inawasha utando vibaya na haiondoki. Na kama unaogopa mgonjwa ataivuta mapafuni, chagua iliyo na osmolari ya chini, kwa sababu ile nzito isiyochanganywa huvuta maji na kujaza mapafu.

Sasa mpangilio wenyewe. Kanula ya geji 18, au 20 ikishindikana, kwenye mkunjo wa kiwiko. Ya kwenye kiganja hupasuka kwa kasi tunayotumia. Jaribu kwa maji ya chumvi mililita 20 kwa kasi ile ile kabla ya dawa, mkono wako ukiwa juu ya mshipa. Ukisikia ngozi inavimba, simamisha. Dawa mililita 100 hadi 120 yenye iodini miligramu 300 hadi 350 kwa mililita, kasi mililita 3 hadi 4 kwa sekunde, ikifuatwa na maji ya chumvi mililita 30 hadi 40. Anzia juu ya kiwambo mpaka chini ya viungo vya nyonga. Awamu (wakati wa kupiga picha baada ya dawa) ya lazima ni ya veni, sekunde 70 baada ya kuanza kusukuma. Ukihofia damu inayovuja kwa sasa, tangulia na awamu ya ateri kwenye sekunde 25 hadi 30. Figo au kibofu vikihusika, ongeza picha za kuchelewa za dakika 5 au zaidi. Usiwashe awamu zote kwa kila mtu. Kila moja ni mionzi juu ya mionzi.

Mikono iwe juu ya kichwa. Ikibaki ubavuni, michirizi inakatiza ini na bandama, na msomaji anashindwa kutofautisha mchirizi na mpasuko. Kama bega limevunjika, weka mto juu ya kifua na mikono ikae juu ya mto, siyo kubanwa kando ya mwili. Ondoa waya za ECG, vifungo na bakuli la mpira lililosahaulika chini ya shuka. Tengeneza vipande vya milimita 1 hadi 1.5, halafu ujenge vya milimita 3 kwa pande zote tatu. Kiwambo na mfuko wa chakula havisomeki vizuri kwa vipande vya mlalo peke yake.

Majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) yasisubiriwe kwa majeruhi anayehitaji CT sasa. Mzio mkali wa awali kwa kontrasti ndio wa kuuliza kabla hajafika mezani.

---

mawimbi_na_mionzi

Asante kwa hayo, meza_ya_CT. Nimalizie upande wa kusoma.

Hewa kwanza, kabla ya viungo. Badilisha dirisha (mpangilio wa weusi na weupe wa picha ya CT) uweke la mapafu, upana 1500 na kati −600, upitie tumbo lote upya. Kwenye dirisha la kawaida la tumbo, upana 400 na kati 40, kipovu cha hewa na mafuta vinakaribia kuwa weusi mmoja. Kwenye dirisha la mapafu mafuta yanageuka kijivu na kipovu kinabaki cheusi tii. Mgonjwa amelala chali, kwa hiyo hewa hupanda mbele: tafuta juu ya ini, nyuma tu ya misuli ya tumbo, na kando ya kano inayoshikilia ini mbele. Kisha rudi kwenye mfuko wa chakula, ufuate ukuta wake kipande kwa kipande kutoka unapoanzia umio hadi mlango wa duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo). Tundu la ukuta wa nyuma humwaga hewa na majimaji kwenye nafasi iliyo kati ya mfuko na kongosho, na hiyo haipandi mbele. Vipovu viwili vya milimita 3 pale nyuma, vikiwa na utando wa majimaji unaozunguka ukingo mkubwa wa mfuko, vina uzito kuliko ukurasa mzima wa vipimo vya damu.

Si kila hewa ni ya kutoboka, hata hivyo. Mbavu zikivunjika na pafu likitoboka, hewa inaweza kushuka kati ya misuli na utando wa tumbo na kuonekana kama iko ndani. Itofautishe hivi: hewa ya uongo inabaki imebana ukuta, haiingii kati ya mikunjo ya utumbo, na upande wa juu utakuta kifua kina hewa pia. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa shinikizo kubwa, aliyewekewa mpira wa kifua chini mno, au aliyeoshwa tumbo, hewa yake ina maelezo mengine. Ndiyo maana kisu_na_uzi anasisitiza iandikwe.

Pili, majimaji, na uyapime badala ya kukisia. Weka duara la kipimo na usome namba ya Hounsfield (kipimo cha uzito wa kitu kwenye CT). Maji, mkojo na majimaji ya tumboni viko 0 hadi 20. Damu isiyoganda 30 hadi 45. Damu iliyoganda 45 hadi 70, na ile iliyo nzito zaidi kwa kawaida imelala jirani na kiungo kilichovuja, kwa hiyo inakuonyesha chanzo. Kontrasti inayomwagika mubashara iko juu ya 85, inang'aa kama mshipa wenyewe na inakua awamu inayofuata. Majimaji yenye namba 10 au 15, ini na bandama vikiwa vizima, kwa mwanamume aliyegongwa tumboni, hayana sababu ya kuwepo. Fikiria mfuko, utumbo au kibofu. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kiasi kidogo chini kabisa ya nyonga chaweza kuwa cha kawaida. Lakini yakiwa kati ya mikunjo ya utumbo, yamejibana kwa umbo la pembetatu, si ya kawaida kwa yeyote.

Tatu, ukuta wenyewe. Unachotafuta ni mahali ukuta umekatika, umenenepa upande mmoja tu, au haung'ai wakati jirani zake wanang'aa. Mfuko uliokunjamana huonekana mnene hata ukiwa mzima, kwa hiyo unene peke yake usikutie hukumuni. Uunganishe na mafuta yaliyochafuka nje yake. Chakula kikionekana nje ya mfuko, hakuna mjadala tena.

Ukiandika ripoti, mpe daktari wa upasuaji sehemu na urefu, kwa sababu daraja la AAST (chama cha Marekani cha upasuaji wa majeruhi) linategemea hayo. Daraja la 1 ni mchubuko au mpasuko usiopenya ukuta wote. La 2 ni mpasuko wa hadi sentimita 2 kwenye mlango wa umio au wa duodeni, chini ya 5 kwenye theluthi ya juu, au chini ya 10 kwenye theluthi mbili za chini. Ukipita hapo ni daraja la 3. La 4 ni kupotea kwa ukuta au kukatika kwa damu hadi theluthi mbili za mfuko, na la 5 ni zaidi ya hapo. CT mara nyingi haipimi urefu kamili, lakini ikisema "ukuta wa mbele, theluthi ya chini" imemwokolea mpasuaji muda.

Usiondoke bila kuangalia kiwambo cha kushoto kwa vipande vya pande zote. Mfuko wa chakula uliopanda kifuani hubanwa kiunoni kama umefungwa mshipi pale unapopita kwenye tundu. Ukilala juu ya mbavu za nyuma bila kitu kati yake, kiwambo kimeachia. Na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kuonekana mzima, kwa sababu shinikizo la mapafu linasukuma mfuko ubaki chini. Unapanda siku anapoondolewa mashine.

Eksirei ya kusimama: ndiyo, ina kazi, hasa mahali CT haipo au iko mbali. Majeruhi akae wima dakika 5 hadi 10 kabla ya kupigwa ili hewa ipande chini ya kiwambo. Ukipiga anapoinuka tu, utaikosa. Kwa mbinu nzuri hata mililita 1 au 2 za hewa zinaonekana. Asiyeweza kukaa alazwe ubavu wa kushoto dakika 10, mionzi ipite mlalo, utafute mstari mweusi kati ya ini na ukuta wa tumbo. Picha ya kulala chali peke yake usiitumie kukataa chochote. Na eksirei ya kifua inakupa mengine bure: mbavu za 9 hadi 12 za kushoto zilizovunjika zinazungumzia bandama, na mpira wa puani ukionekana umejikunja juu ya kiwambo umeshajua mfuko uko wapi. Eksirei isiyo na hewa, kama ilivyo FAST, haikatai.

---

tabibu_wa_zamu

Shukrani sana wakuu, hii imenifungua. Mawili ya mwisho: mjamzito na mtoto, je, mnabadilisha nini? Na CT ikirudi na neno "haiwezi kukataa jeraha la mfuko au utumbo", hatua ni ipi?

---

meza_ya_CT

Mtoto: awamu moja tu ya veni, dawa mililita 2 kwa kilo, na volti na mkondo vipunguzwe kulingana na uzito, usitumie mpangilio wa mtu mzima. Mtoto anayelia humeza hewa, mfuko unajaa kama puto, tumbo linakaza na kila mtu anaogopa. Weka mpira, toa hewa, halafu ushike tumbo tena; mara nyingi utakuta tumbo jingine kabisa. FAST kwa mtoto ina imani ndogo zaidi, kwani ini au bandama vinaweza kupasuka bila majimaji huru. Na aliyegongwa na mpini wa baiskeli, angalia duodeni na kongosho kwa makini. Kongosho saa za mwanzo linaweza kuonekana zima.

Mjamzito: ultrasaundi kwanza, na kuanzia wiki ya 20 ainamishwe kushoto ili mimba isikandamize mshipa mkubwa. Lakini CT ikihitajika kuokoa mama, ifanyike. Picha moja ya tumbo na nyonga kwa kawaida humpa mtoto milisivati chache hadi 35 hivi kwa kipimo cha miligrei, chini ya 50 ambayo ndiyo mpaka unaotumika. Kontrasti ya mshipani inaruhusiwa. Ultrasaundi haioni vizuri kondo la nyuma linalobanduka, kwa hiyo mapigo ya mtoto yafuatiliwe si chini ya saa 4, hata kama picha zote ni nzuri.

---

mawimbi_na_mionzi

Ndugu, hapo kwenye kipimo cha mtoto umechanganya majina mawili. Dozi ya mtoto tumboni inatajwa kwa miligrei: takribani 10 hadi 35 kwa CT moja ya tumbo na nyonga. Milisivati ni hesabu nyingine ya mwili mzima wa mama. Wanaonakili wanakili miligrei.

---

kisu_na_uzi

Kuhusu CT yenye shaka. Asiruhusiwe kurudi nyumbani, na asile. Mtu yule yule amshike tumbo kila baada ya saa 4 hadi 6, na akibadilisha zamu wamshike wawili pamoja ili wa pili ajue tumbo lilikuwaje. Pima joto, mapigo na chembe nyeupe. Dawa ya maumivu mpe. Dozi ya kawaida haifuti tumbo la kutoboka, na mgonjwa aliyetulia anapimika vizuri kuliko anayejikunja.

Maumivu yakihama kutoka chembe cha moyo na kuenea, mapigo yakipanda bila sababu nyingine, au misuli ikianza kukaza, mfungue. Akibaki vile vile, rudia CT saa 6 hadi 8 baada ya ya kwanza, safari hii na kontrasti ya mpirani kama alivyoeleza meza_ya_CT. Linganisha majimaji na hewa za picha zote mbili bega kwa bega. Majimaji yaliyoongezeka bila kiungo kigumu kilichoumia yanatosha kuingia kwa kamera au kwa kisu. Aliye na alama ya mkanda wa gari iliyokatiza tumbo mpe shaka mara mbili, na msomaji aangalie pia pingili za kiuno. Kikwazo ni muda: jeraha la utumbo likipita saa 8 bila kushonwa, matatizo yanaanza kupanda. Kwa hiyo saa ya kugongwa, ya FAST ya kwanza na ya CT ya kwanza ziandikwe juu kabisa ya faili, mahali zamu inayoingia itaziona kabla ya kitu kingine.